Mama ana saratani ya tezi ya shingo: utafiti wa dawa mpya tunaupataje?

SWALI: Shikamoo daktari. Naandika kutoka Mafinga. Mama yangu ana miaka 58. Alifanyiwa upasuaji wa goita, majibu ya nyama yalipokuja tukaambiwa ni saratani. Karatasi imeandikwa «follicular carcinoma». Akarudishwa chumba cha upasuaji kutoa tezi iliyobaki, kisha akaandikiwa rufaa ya kwenda Dar kupewa iodini yenye mionzi. Hatujaenda, bado tunajikusanya. Kaka yangu aliyeko Uingereza anasema huko wagonjwa wanaingizwa kwenye utafiti wa dawa mpya bila kulipa, kwa hiyo tuachane na iodini tutafute utafiti. Kuna kijana hapa mjini anasema akipewa laki tatu atamwandikisha mama kwenye utafiti Mbeya. Shangazi hataki kusikia kabisa, anasema wazungu wanataka kumjaribia mama madawa yao. Tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa kuuguza. Nianze na lililo jepesi. Huyo kijana msimpe hata shilingi mia. Utafiti halali wa dawa haumtozi mgonjwa ada ya kuandikishwa, na hauna dalali. Laki tatu hiyo inatosha nauli ya watu wawili kwenda Dar na kurudi, na ya kula njiani inabaki.

Na Dar ndiko mnakotakiwa kwenda, mapema iwezekanavyo. Najua kaka yako anawatakia mema, lakini katika hili la kuacha iodini amekosea, na nitaeleza kwa kirefu kwa sababu hapo ndipo penye jibu la swali lako lote.

Tezi iliyoko mbele ya koo hutengeneza homoni zake kwa kutumia iodini, ile tunayoiita madini joto. Seli zake zina uwezo wa kuvuta iodini kutoka kwenye damu kuliko seli nyingine zozote mwilini. Saratani ya aina aliyonayo mama, folikula, mara nyingi hubaki na tabia hiyo hata ikishahama shingoni. Nayo huhama kwa kupitia damu, ikapendelea mapafu na mifupa. Mgonjwa akishatolewa tezi yote, anapewa iodini yenye mionzi kwa kumeza. Ile iodini inazunguka na damu, na popote seli hizo zilipojificha zinaivuta zenyewe, mionzi inaziua kutokea ndani. Ndiyo maana upasuaji wa pili ulikuwa wa lazima: tezi ingebaki, ingeichukua iodini yote na seli zilizosambaa zingekosa.

Tiba hii imetumika tangu miaka ya 1940 na bado hakuna dawa ya kisasa iliyoipiku kwa mgonjwa ambaye seli zake zinavuta iodini. Dawa nyingi ambazo kaka yako amezisikia zilitengenezwa kwa ajili ya wagonjwa ambao iodini imeshindwa kwao. Sharti la kwanza la tafiti nyingi za saratani hii ndilo hilo: mgonjwa awe ameshapewa iodini na ugonjwa ukakaidi. Kukaidi kwenyewe kuna vipimo vyake. Ama kuna uvimbe unaoonekana kwenye picha lakini hauvuti iodini hata kidogo, ama ugonjwa umekua ndani ya mwaka mmoja hivi baada ya dozi, ama mgonjwa amekwisha kupokea jumla ya milikyuri 600 (milikyuri ni kipimo cha nguvu ya mionzi) na bado haujaisha. Mama yako hajafika hata kwenye mlango wa swali hilo. Mkiruka iodini mtakuwa mmeiacha tiba inayoweza kumponya, na huo utafiti mnaoukimbilia utawauliza swali la kwanza: iodini alipewa lini?

Nichepuke kidogo. Sisi wa nyanda za juu tumeishi na rovu, yaani goita, tangu enzi za mababu. Udongo wa milimani una upungufu wa madini joto, na kabla chumvi iliyotiwa madini hayo haijaenea miaka ya 1990, serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye iodini katika wilaya zilizoathirika zaidi, zikiwemo za mkoa wa Iringa wa wakati ule. Wengi wenye goita hawana saratani, hilo lisimtie hofu jirani yako yeyote. Ila mahali ambapo iodini ilikuwa haba kwa muda mrefu, aina ya folikula huchukua sehemu kubwa zaidi ya saratani za tezi kuliko kule ambako watu walipata iodini ya kutosha. Tafiti nyingi za Ulaya na Marekani zimejaa wagonjwa wa aina nyingine, papilari, ambayo ndiyo iliyoenea kuliko zote duniani, kama wanane katika kila kumi. Unaposoma habari za dawa mpya, angalia kwanza zinamhusu mgonjwa wa aina gani.

Kwa mfano, utasoma sana kuhusu badiliko la jeni linaloitwa BRAF na dawa zake. Hilo ni la papilari zaidi, na la anaplastiki, aina kali kuliko zote ambayo hukua kwa wiki na si kwa miaka. Mwaka 2018 Marekani iliruhusu mchanganyiko wa dabrafenibu na trametinibu kwa anaplastiki yenye badiliko hilo. Saratani ya medula nayo ina mambo yake: haivuti iodini kabisa, dawa zake hulenga jeni ya RET, na kwa kuwa takriban robo ya wagonjwa wameirithi, watoto na ndugu nao hupimwa. Hayo si ya mama yako, nimeyataja kwa ajili ya wengine watakaosoma hapa wakiwa na karatasi iliyoandikwa tofauti.

Kwa folikula, badiliko linaloonekana mara nyingi ni la jeni za RAS. Na hapa pana kisa kimoja ambacho napenda kuwasimulia watu wanaoamini kwamba dawa mpya lazima iwe bora. Mwaka 2013 madaktari wa Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa 20 ambao saratani zao zilikuwa zimegoma kuvuta iodini. Waliwapa kidonge kiitwacho selumetinibu kwa wiki chache, na kwa 12 kati yao uvimbe ukaanza kuvuta iodini tena. Wanane walivuta kiasi cha kutosha kupewa dozi, na wote watano waliokuwa na badiliko la jeni ya NRAS, mojawapo ya hizo za RAS, walikuwa miongoni mwao. Watu walishangilia, na mimi nilikuwa mmoja wao. Kisha dawa hiyohiyo ikajaribiwa kwa watu zaidi ya mia mbili waliotoka tu kufanyiwa upasuaji na waliokuwa kwenye hatari kubwa ya ugonjwa kurudi. Theluthi mbili walipewa dawa pamoja na iodini, waliosalia walipewa iodini na kidonge kisicho na dawa ndani. Makundi hayo yalitoka sawa. Wazo la kuirudisha saratani kwenye kuvuta iodini bado linafanyiwa kazi kwa wagonjwa walioshindikana, lakini utaona ni kwa nini majaribio hufanywa: dawa inayong'aa kwa watu 20 inaweza kufifia kwa 200.

Dawa mbili zilizopita mtihani mkubwa ni sorafenibu na lenvatinibu. Ya kwanza, katika utafiti wa wagonjwa 417 uliochapishwa 2014, ilizuia ugonjwa usikue kwa miezi 10.8 ukilinganisha na 5.8 kwa waliopewa kidonge tupu. Ya pili, mwaka 2015, wagonjwa 392, ilifikisha miezi 18.3 dhidi ya 3.6. Hizo ni tofauti za kweli. Lakini soma na upande wa pili wa karatasi: zinazuia, haziponyi. Theluthi mbili ya waliomeza lenvatinibu walipandwa na presha, na kati ya wagonjwa 261 waliopewa dawa hiyo, vifo 6 vilihesabiwa kuwa vilitokana nayo. Mgonjwa ambaye ugonjwa wake umetulia hapewi dawa kama hizi, hata awe tajiri. Kwa hiyo mtu anapokuambia «mtafutie mama dawa mpya», kwa sasa anachokuambia ni umpe madhara kabla ya haja.

Tena si kila utafiti ni wa dawa mpya. Waingereza na Wafaransa, kila nchi kwa utafiti wake, walilinganisha dozi kubwa ya iodini, milikyuri 100, na ndogo, 30, kwa wagonjwa wasio kwenye hatari kubwa. Matokeo yalichapishwa 2012: dozi ndogo ilifanya kazi ileile ya kusafisha mabaki ya tezi. Wafaransa wakaenda mbele, na mwaka 2022 wakaonyesha kwamba wagonjwa wenye hatari ndogo kabisa hawahitaji iodini, angalau kwa miaka mitatu ya mwanzo waliyofuatiliwa. Daktari wa mama atakapoamua dozi yake atakuwa anapima kwa kutumia kazi hizo, hata kama hatazitaja. Ni wagonjwa waliokubali kushiriki ndio waliotuwezesha kujua.

Sasa nije kwenye karatasi, kwa sababu kila mlango mtakaobisha, uwe wa hospitali au wa utafiti, utaomba karatasi kabla ya kumwona mama. Nimewaona watu wametoka Mbarali au Kyela wakiwa na bahasha yenye risiti tupu.

Kitu cha kwanza ni majibu kamili ya maabara ya nyama, ya upasuaji wote wawili. Kadi ya kliniki iliyoandikwa neno moja haitoshi. Majibu kamili yanaeleza ukubwa wa uvimbe, kama ulitoboa ganda lake, kama uliingia kwenye mishipa ya damu na kwa kiasi gani, kama kuna matezi ya shingo yaliyoguswa. Kwa folikula, kuingia kwenye mishipa ya damu ndiko kunakoamua mengi. Hospitali ilimpa mama karatasi ya mstari mmoja? Rudini mkaombe ripoti yote, kwa upole, ni haki yake.

Cha pili watu wengi hawakijui. Nyama iliyotolewa haikutupwa. Vipande vyake hugandishwa kwenye vitofali vidogo vya nta na kutunzwa maabara. Siku daktari akitaka kupima jeni, au bingwa mwingine akitaka kusoma upya, hivyo ndivyo vitakavyotumika, mama asichomwe tena. Ulizeni vimehifadhiwa wapi na namba yake ni ipi, muiandike. Hakuna haja ya kuvichukua na kukaa navyo nyumbani. Vikikaa karibu na jiko vitayeyuka. Vitolewe tu pale daktari anapovihitaji, na mwandikishane.

Mengine ni maelezo ya daktari mpasuaji, CD za picha zote pamoja na maandishi yake, na vipimo vya damu: ile homoni inayoitwa TSH, na thairoglobulini. Hii ya mwisho ni protini inayotengenezwa na seli za tezi peke yake. Tezi ikishatolewa na iodini ikamaliza kazi, inatakiwa ishuke iwe karibu na sifuri. Ikianza kupanda baadaye, ndiyo taarifa ya mapema kuliko picha yoyote. Pigeni picha karatasi zote kwa simu na mzitume kwa kaka yako leoleo, zikilowa mvua ya Mafinga nakala ipo.

Kuhusu safari yenyewe. Iodini hiyo huagizwa kutoka nje ya nchi, na nguvu yake hupungua nusu kila baada ya siku 8, kwa hiyo haikai ghalani ikisubiri mgonjwa. Wagonjwa hupangiwa tarehe. Pigeni simu Taasisi ya Saratani Ocean Road mkiwa na rufaa mkononi, muulize tarehe ya kuonwa kabla hamjakata tiketi. Waelezeni kama mama amewahi kupigwa CT kwa kuchomwa dawa ya kung'arisha mishipa, maana dawa hiyo imejaa iodini na huweza kusogeza tiba kwa mwezi mmoja hadi miwili. Wataweza kumwambia aache kwa wiki tatu au nne kidonge chake cha homoni, levothairoksini, na apunguze vyakula vyenye iodini kwa wiki moja au mbili. Wiki hizo atachoka, atasikia baridi, atavimba uso kidogo. Hajazidiwa, ndivyo ilivyo. Asikiache mwenyewe kabla hajaambiwa. Siku za kawaida akinywe asubuhi tumbo likiwa tupu, na chai isubiri nusu saa hadi saa nzima. Vidonge vya kalsiamu, ambavyo wengi hupewa baada ya upasuaji huu, vikae mbali nacho kwa saa nne.

Akishameza iodini, kwa siku kadhaa mwili wake utakuwa unatoa mionzi kidogo. Waulizeni wahudumu ni baada ya siku ngapi anaruhusiwa kupanda basi. Kutoka Dar hadi Mafinga, kupitia Kitonga, ni siku nzima bega kwa bega na mtu ambaye huenda ni mjamzito au amempakata mtoto. Tafuteni ndugu wa kufikia huko Dar, na nyumbani asilale na wajukuu mpaka muda aliopewa uishe.

Haya, tuseme iodini imetolewa na baada ya muda ugonjwa unaonekana kukaidi. Hapo ndipo kutafuta utafiti kunakuwa na maana, na kaka yako atakuwa na kazi ya kufanya.

Kila utafiti wa dawa unaojiheshimu huandikishwa hadharani kabla ya kuanza. Daftari kubwa kuliko yote ni la Marekani, ClinicalTrials.gov, lililopo tangu mwaka 2000 na lenye tafiti za nchi nyingi. Afrika tuna letu, Pan African Clinical Trials Registry, linaloendeshwa kutoka Cape Town. Shirika la Afya Duniani nalo lina mtandao unaokusanya daftari za nchi mbalimbali sehemu moja. Kutafuta ni bure. Yote yako kwa Kiingereza, hivyo andika «thyroid cancer», kisha nchi. Anza na Tanzania, nenda Kenya, Afrika Kusini, India. Chuja zibaki zile zilizoandikwa «Recruiting», maana yake bado zinapokea watu. Iliyofungwa ina faida kwa msomaji tu. Rudieni kila baada ya miezi miwili mitatu, orodha hubadilika.

Ukiufungua utafiti, usianze na jina la dawa. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya masharti ya kuingia na ya kukataliwa, ukiwa umeshika ripoti ya mama. Aina ya saratani inalingana? Wanataka mtu ambaye iodini imeshindwa? Wanataka uvimbe unaopimika kwenye CT? Wanataka jeni fulani? Masharti ya kukataliwa huwa na presha isiyodhibitiwa, figo au ini lililochoka, na mara nyingi VVU. Hili la mwisho lisemwe wazi huku kwetu, ambako Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa inayoongoza kwa maambukizi nchini. Tafiti nyingi za saratani zilikuwa zinawafungia nje wote wenye VVU bila kujali hali zao. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa mwongozo wa kuwahimiza watafiti wawapokee wale ambao virusi vyao vimedhibitiwa. Kwa hiyo anayetumia ARV asijiondoe mwenyewe kabla ya kuuliza, na asifiche pia, kwa sababu baadhi ya dawa hizo hugongana na dawa za saratani. Hali kadhalika mitishamba. Daktari akijua mtapanga, asipojua mtamlaumu bure.

Chini ya ukurasa kuna namba ya utafiti. Ya Marekani huanza na NCT ikifuatiwa na tarakimu nane, ya Afrika huanza na PACTR. Ninyi andikeni namba hiyo na kituo kilicho karibu, mpelekeeni daktari wa saratani anayemwona mama. Barua itoke kwake. Mtafiti akipokea barua ya daktari yenye ripoti kamili, hujibu; akipokea ujumbe unaosema «mama yangu mgonjwa nisaidieni», humsikitikia tu.

Kuhusu Uingereza kwenyewe, mwambie kaka yako aulize mambo haya kabla ya kumpa mama matumaini: wanapokea asiyekuwa mkazi? Mgonjwa atatakiwa kufika kituoni mara ngapi, na kwa miezi mingapi? Mfadhili wa utafiti kwa kawaida hulipia dawa inayochunguzwa na vipimo vyake. Viza, tiketi ya ndege, kulala, na kitanda cha wodi mama akiugua malaria akiwa kule, mara nyingi si juu yake. Nimeona familia zimeuza shamba la miti kwa ajili ya utafiti ambao haukuwa na nafasi ya mtu kutoka nje. Kuna njia nyingine ambayo daktari wenu anaweza kuiulizia, nayo ni kampuni kumpa mgonjwa aliyeishiwa tiba dawa isiyoingia sokoni, nje ya utafiti. Ni ngumu, lakini haimhitaji mama kuhama.

Mbeya je? Utafiti wa tiba upo Mbeya na ni wa kweli. Kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kilichopo mjini kimefanya kazi kubwa ya kifua kikuu na VVU. Kilikuwa miongoni mwa vituo vya Tanzania na Afrika Kusini vilivyojaribu dozi kubwa za rifampisini kwa wagonjwa wa TB, matokeo yakachapishwa 2017. Kwa hiyo aliyewaambia «kuna utafiti Mbeya» alikuwa na kipande cha ukweli cha kumfunikia uongo wake. Mkitaka kuhakikisha jambo lolote la utafiti, kwanza ulizeni kwenye kituo chenyewe au Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Jaribio la dawa Tanzania linahitaji kibali cha maadili kutoka NIMR na kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, pamoja na bima ya washiriki endapo watadhurika. Kijana wa laki tatu mwombeni namba za vibali hivyo muone atakavyobadilisha mada.

Shangazi yako sasa. Msimdharau. Historia ya dunia ina visa vya watu maskini waliofanyiwa majaribio bila kuambiwa, na sheria hizi zote zimezaliwa na visa hivyo. Mkalisheni chini mumweleze nini kinamlinda mshiriki leo. Fomu ya ridhaa lazima iwe kwa lugha anayoielewa, na asiyejua kusoma anasomewa mbele ya shahidi. Anaruhusiwa kurudi nayo nyumbani akashauriane, na shangazi mwenyewe aisome. Anaweza kujitoa siku yoyote bila kueleza sababu, na tiba yake ya kawaida inaendelea. Kwenye fomu kuna simu ya mtafiti na simu ya kamati ya maadili, ambayo si ya mtafiti. Kisha kuna kamati huru inayoangalia takwimu wakati kazi ikiendelea na inayoweza kuisimamisha. Hilo limetokea hapahapa: utafiti wa chanjo za VVU ulioitwa PrEPVacc, uliofanyika Mbeya, Dar es Salaam, Masaka na Durban, uliacha kutoa chanjo mwishoni mwa 2023 baada ya kamati kama hiyo kuona hakuna dalili za kutosha kwamba zitakinga. Washiriki waliambiwa, na umma ukatangaziwa.

Akishaelewa hayo, mwachieni shangazi kazi ya kuuliza maswali magumu siku ikifika, watu wenye mashaka huuliza vizuri. Je, kuna kundi litakalopewa kidonge kisicho na dawa, na ugonjwa ukikua, mgonjwa wa kundi hilo ataruhusiwa kupewa dawa yenyewe? Katika zile tafiti mbili kubwa nilizozitaja waliruhusiwa. Hii ni hatua ya kwanza, ambapo wanatafuta tu dozi isiyodhuru, au ya tatu, ambapo wanalinganisha na tiba iliyopo? Nauli inarudishwa? Damu na nyama ya mama vitapelekwa nje, na kwa kazi gani? Na lile ambalo watu husahau: utafiti ukiisha na dawa ilikuwa inamsaidia, ataendelea kuipata wapi na kwa fedha ya nani? Dawa hizi ni za kumezwa kila siku, na bei yake sokoni haishikiki kwa mshahara wa mwalimu.

Kwa sasa pigeni simu Ocean Road, chukueni tarehe, mkusanye karatasi nilizozitaja. Siku chache baada ya iodini mama atapigwa picha ya mwili mzima kuonyesha ilikokwenda. Niandikie tena ukiwa na majibu ya picha hiyo na kiwango cha thairoglobulini. Kama iodini imeonekana shingoni tu, mtaendelea na kliniki na vidonge vyake, na suala la utafiti tutaliweka pembeni. Kama imeonekana kwenye mapafu au mifupa, hiyo nayo si habari mbaya kabisa, maana imefika ilikotakiwa na dozi nyingine itapangwa. Nitakachotaka kukisikia haraka ni kama CT inaonyesha vinundu ambavyo picha ya iodini haikuviona. Hapo kaka yako afungue kompyuta.